Kanyumba

Jumapili ya pili ya Septemba, mama yangu alitoa sadaka ya shukrani kwa ajili ya nyumba yangu ya Marekani. Alisimama mbele ya usharika wetu kule Machame, bahasha mkono mmoja, jogoo mkono mwingine, akasema binti yake wa kwanza, ambaye hata masomo hajamaliza, amenunua nyumba kwa jasho lake. Watu wakapiga vigelegele. Baada ya ibada jogoo akanadiwa. Mdogo wangu alirekodi sehemu ya mwisho akanitumia kwa WhatsApp, nami niliitazama video hiyo nikiwa nimelala chali kwenye nyasi za Montana, chini ya nyumba yenyewe, nakwangua kutu.

Nyumba yenyewe ni trela. Siyo trela la mizigo kama yale yanayofuata malori kwenye barabara ya Arusha. Ni chumba chenye magurudumu mawili, ambacho Wamarekani hukifunga nyuma ya gari na kwenda nacho kulala msituni. Langu lilitengenezwa na kampuni ya Shasta mwaka 1963. Lina urefu wa futi 16, kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi la plate tatu, na huko nyuma, kila upande, bawa la alumini ambalo halina kazi yoyote ila kupendeza. Shasta pia ni jina la mlima wa volkano kule California, mita 4,322. Mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro akikuta chumba chenye mabawa na jina la volkano kikiuzwa dola 650, hana ujanja.

Siku niliyolinunua nilituma picha kwenye kundi la familia nikaandika: "Nimenunua kanyumba." Nilikuwa natania. Lakini kwenye picha ile nyasi zilikuwa zimeota hadi zimefunika magurudumu, na mama aliona mlango, madirisha na ukuta unaong'aa. Nilipojua habari imefika kanisani, nilijiambia nitamweleza kesho yake. Kesho yake nikawa na mtihani, kesho kutwa nikawa na aibu, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kueleza kwa nini sikueleza mapema.

Wakati ule nilikuwa naanza mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uhifadhi wa misitu, mjini Missoula. Ni mji ulio bondeni. Ukitoka darasani, kila upande unaotazama pana mlima. Nilikuwa nimeshazoea kupanda kila mwisho wa wiki na hema la mtumba, lakini kule juu theluji huanza mapema na huchelewa kuisha, na hema langu lilikuwa la kiangazi. Nilitaka mahali pakavu pa kulala ambapo ningeweza kwenda napo. Katika misitu ya taifa ya huko unaruhusiwa kupiga kambi bure, nje ya maeneo rasmi, kwa siku kadhaa. Nilipiga hesabu nikaona trela lingenipa miezi miwili zaidi ya msitu kila mwaka.

Aliyeniuzia ni bibi mmoja wa bonde la Bitterroot, kusini mwa mji. Lilikuwa limesimama nyuma ya banda lake la nyasi kwa zaidi ya miaka 20. Hakunificha kitu. Alisema linavuja. Mimi nikadhani kuvuja ni tundu, na tundu huzibwa. Jirani yangu, mzee mstaafu, alilivuta kwa pikapu yake polepole hadi mjini, akanipa nafasi nyuma ya gereji yake, na alipolizunguka mara moja akaniuliza kama nina bisibisi.

Ukilitazama trela la namna hii kwa nje unadhani ni chuma. Kumbe ni kabati la mbao lililovikwa bati. Ndani kuna plaiwudi nyembamba. Nyuma ya plaiwudi kuna fito za inchi moja kwa mbili. Katikati ya fito kuna sufi ya kioo ya kuzuia baridi. Na nje kabisa ni alumini laini. Pale bati la paa linapokutana na bati la ukuta, kona hufunikwa kwa ukanda wa alumini uliokazwa kwa skrubu, na chini yake huwekwa gundi nzito ya kuzuia maji. Gundi hiyo hukauka na kupasuka. Maji huingia kwenye matundu ya skrubu, hushuka ndani ya ukuta, na mbao huyanywa miaka nenda rudi. Alumini haishiki kutu. Inabaki inang'aa, imeshikilia umbo la mbao ambazo hazipo tena.

Nilichomeka bisibisi kwenye kona ya mbele kushoto. Ilizama hadi mpini, kama kisu kwenye parachichi lililoiva. Nikajaribu kando yake, ikazama. Chini ya dirisha, ikazama. Jirani hakusema neno. Alinyanyua mabega akaingia ndani kwake.

Nilipofungua kuta nilikuta viota vya panya. Panya wa sehemu zile wanaweza kubeba virusi vya hanta, vinavyoshambulia mapafu, na mtu huvipata kwa kuvuta vumbi la mkojo na kinyesi chao. Kwa hiyo hufagii. Unafungua milango na madirisha, unaacha hewa ipite, unavaa barakoa na glavu, unalowesha kila kitu kwa maji yenye jiki, unasubiri, ndipo unafuta. Nilifanya hivyo wiki mbili, jioni baada ya maktaba. Wakati huohuo kule nyumbani watu walikuwa wanampa mama hongera sokoni.

Kuna jambo la baba yangu ambalo lazima nilieleze hapa. Baba alikuwa mgumu. Ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyoitwa, wagumu, na alifanya kazi hiyo miaka 19 kwenye njia ya Machame hadi goti lilipokataa. Kilo 20 ndizo zinazoruhusiwa. Pale ambapo mizani haikutazamwa vizuri, alibeba zaidi. Alibeba mahema ya wageni, meza zao, viti vyao, na miaka ya mwisho alibeba choo, kile cha plastiki chenye hema lake, ambacho mgeni hukikuta kimeshasimamishwa kila anapofika kambini. Nilipokuwa na miaka 14 nilimwomba anichukue nami nikaone Shira. Akaniambia mlimani watu hawaendi kutembea.

Mwaka wangu wa kwanza Montana nilimsimulia kwa simu kwamba nimetembea siku tatu milimani na begi mgongoni.

"Umebeba mzigo wa nani?" akauliza.

"Wangu, baba."

"Wako mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na nani anakulipa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Miezi ya masika, wageni wakipungua, baba alikuwa anatengeneza vitanda na milango kwa mbao za paini na za grevilea zilizokatwa kihambani. Kaka zangu, watoto wa baba mdogo, ndio walioshika msumeno na randa. Kazi yangu ilikuwa kushika upande wa pili wa ubao usitikisike. Kwa hiyo nilijua mambo mengi ya useremala kwa macho, na karibu hakuna hata moja kwa mikono. Hata shuleni mambo yalikuwa hivyohivyo: nilikuwa naweza kukueleza jinsi mti unavyopona baada ya moto, lakini sikujua kuunga fito mbili kwenye kona.

Kwa hiyo niliyemweleza kwanza ni baba, na siwezi kudai ni dhamiri iliyonisukuma. Nilikwama. Ilikuwa saa tatu usiku kwangu, saa kumi na mbili asubuhi kwao. Nikampigia kwa video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona giza?"

Nikawasha taa ya kichwani nikaizungusha simu polepole. Ukuta wa kushoto ulikuwa wazi wote. Mbavu zilionekana, nyingine nyeusi, nyingine zimebaki unga.

"Hii ndiyo nyumba?"

"Ndiyo, baba."

"Ina magurudumu."

"Ndiyo."

Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Nilimwona amesogeza uso karibu na kioo cha simu, anatazama, macho yamebanwa.

"Hizo fito za kushoto usizitoe zote kwa mkupuo," akasema. "Na ule ukuta mwingine usiuguse kwanza. Ukivua kuta zote mbili litalala."

Tulikaa saa nzima. Aliniambia kila kipande nikiandike namba kwa penseli kabla sijakitoa, hata kilichooza, kwa sababu kilichooza bado kinajua vipimo vyake. Nikilaze juu ya ubao mpya, nichore, nikate nje ya mstari, halafu nipunguze kwa randa. Aliniuliza ubao wangu umekauka kiasi gani. Aliniambia niugonge kwa kifundo cha kidole, nimsikilizishe. Nikaugonga karibu na simu. Akasema bado, niache wiki mbili ndani.

Tulipokuwa tunaagana akasema, "Mama yako hajui."

"Hajui."

"Mimi sitamwambia. Aliyesema nyumba ni wewe."

Oktoba nzima nilifanya kazi. Nilikuwa na daftari la matumizi, na nililiandika kwa uaminifu kuliko nilivyosema na mama: mbao, gundi, skrubu zisizoshika kutu, utepe wa mpira wa kuziba kona, plaiwudi, matairi mawili mapya. Posho yangu ya kufundisha vipindi vya mazoezi ililipa kodi ya chumba na chakula, na kilichobaki ndicho nilichokuwa natuma nyumbani kila mwezi. Sikuacha kutuma. Nilipunguza. Niliita kupunguza huko "kwa muda".

Katikati ya Novemba nilimwomba mdogo wangu anitumie picha akiwa na sare. Alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi na wiki ile walikuwa waanze mazoezi wodini. Akasema simu yake inasumbua. Siku ya pili akasema kamera imevunjika. Siku ya tatu nikampigia, nikasikia nyuma yake ng'ombe wetu analia.

Alikuwa nyumbani wiki ya pili. Alikuwa anadaiwa laki nane, na wenye madeni walikuwa wameambiwa wasirudi darasani hadi wamalize. Mama alikuwa amekopa kikundini, haikutosha. Baba mdogo, aliyekuwa ameahidi kuongezea, alisema hawezi kusomesha mtoto ambaye dada yake ana nyumba Ulaya. Kwake Marekani nayo ni Ulaya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua unalipa mkopo wa nyumba, dada. Sikutaka kukusumbua."

Alisema hivyo kwa upole kabisa. Hakuwa ananisuta. Alikuwa amekaa nyumbani siku 12 akichunga ng'ombe na kunionea huruma.

Nilichukua daftari nikajumlisha. Matairi, utepe na plaiwudi peke yake vilikaribia dola 340. Laki nane, kwa kiwango cha siku ile, ilikuwa chini ya hapo. Nimewahi kusoma insha za watu waliotengeneza vitu vya zamani, wakasema wamejifunza subira. Mimi usiku ule nilijifunza kwamba kila fito niliyoikata ilikuwa na mtu upande wa pili, anaishika isitikisike, na sikuwa nimemwangalia.

Asubuhi nilirudisha matairi dukani, hayajafungwa, nikarudishiwa fedha. Plaiwudi ilikuwa imeshakatwa. Nikaazima kilichopungua kwa mwanafunzi mwenzangu. Ada ikaenda. Mdogo wangu alirudi chuoni Jumatatu, akakuta jaribio moja limempita, akalifanya baadaye peke yake.

Jioni hiyohiyo nilimpigia mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Nikaishia kusema, "Mama, ile nyumba siyo nyumba. Ni trela."

"La ng'ombe?"

"La kulala watu. Linavutwa na gari. Na ndilo lililokula ada."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Lina mlango?"

"Linao."

"Unafungwa?"

"Unafungwa."

"Ufunguo unao nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi hilo la nyumba liache," akasema. "La mdogo wako ndilo sikusamehi leo."

Hakunipigia Jumapili tatu. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia kwamba Jumatano iliyofuata, kwenye kikundi cha wanawake, mama alisimama mwenyewe akasema alichoshukuru mbele ya kanisa si nyumba, ni chumba cha magurudumu. Wengine walicheka. Mmoja akauliza kama linavutwa na punda. Mwingine akataka kujua kama atarudishiwa jogoo wake. Mama akawaambia sadaka hairudishwi, akakaa.

Theluji ilianguka juu ya trela lililokuwa nusu mifupa. Nilifunika kwa turubai, na kila ilipozidi nilikwenda kuifagia lisielemewe. Sikununua hata skrubu kuanzia Desemba hadi Machi. Nilisoma. Maktaba ndiko nilikokutana na habari za Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, ambaye mwaka 1959 aliongoza msafara wa matrela 41 ya alumini kutoka Cape Town, wakafika Kairo mwaka 1960, wakiwa wamepitia Kenya na Ethiopia njiani. Kuna picha za matrela hayo yakiwa yamepangwa mbele ya piramidi. Nilimtumia baba picha moja. Alipiga simu hapohapo.

"Kwenye matope waliyavuta na nini?"

"Na magari yao, baba."

"Kwenye matope?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye picha zile nikizitazama upya, nikitafuta watu pembeni.

Aprili niliondoa turubai. Safari hii ada ya muhula ilitangulia, kisha mbao. Niliweka fito za ukuta wa kulia, baba akikagua kwa video kila kona. Madirisha yalikuwa ya luva, yale ya vipande vya kioo vinavyolala na kusimama kwa mkono, sawasawa na ya shule yangu ya msingi. Hayo nilijua kuyatengeneza kuliko Mmarekani yeyote. Bati la nje hurudishwa kuanzia chini, ili la juu lilale juu ya la chini na maji yateleze, kama tunavyoezeka paa. Nilivua beringi za magurudumu, nikazisafisha, nikazijaza grisi. Matairi niliyanunua mwisho kabisa, Mei, kwenye duka lilelile. Muuzaji alinikumbuka.

Juni, jirani aliniazima pikapu. Trela halifiki hata tani moja, lakini mara ya kwanza kulivuta mwenyewe nilihisi kila kilo shingoni. Niliingia msitu wa taifa wa Lolo, nikafuata barabara ya vumbi kando ya mto, nikaegesha chini ya mipaini ya ponderosa. Nilipika ugali kwenye plate ya katikati, ile pekee inayowaka vizuri. Usiku mvua ikanyesha.

Nilikaa kitandani na tochi, nasikiliza. Paa lilishika. Madirisha yalishika. Karibu saa tisa usiku nikasikia tone. Nikalitafuta kwa kiganja hadi nikalipata, nikaweka bakuli, nikarudi kulala.

Asubuhi nilipanda kilima hadi simu ikakamata mtandao. Kwao ilikuwa jioni. Baba alipokea, mama akasogea nyuma yake, nikawaonyesha trela kule chini, dogo, linang'aa, mabawa yake yamelowa.

"Na choo?" mama akauliza.

"Nachimba shimo, mama. Mbali na mto. Nina kijembe."

"Nani anachimba?"

"Mimi mwenyewe."

Baba alicheka. Alicheka hadi akakohoa, akampa mama simu ashike, akaichukua tena huku anafuta macho. Halafu akawa fundi.

"Imevuja?"

"Kona moja."

"Ipi?" akauliza, nikasikia akivuta kiti akae.